Mizani ilinitoa mazoezini, futi ikanirudisha

Mimi ni fundi cherehani pale Mlango Mmoja, Mwanza. Nguo mpya nashona chache. Riziki yangu kubwa ni kurekebisha mitumba. Mtu kanunua suruali inampwaya, namkatia kiuno. Mwingine kanunua gauni linambana, natafuta pindo la ndani nimwachie. Miaka 19 nazungusha futi kwenye viuno vya watu. Ndiyo maana naona haya kidogo kusema kwamba mwaka jana, nilipoanza mazoezi, niliisahau futi iliyoning'inia shingoni nikakimbilia mizani.

Presha ndiyo iliyoniamsha. Ilisoma 152 kwa 96, nikarudi siku nyingine ikasoma karibu vilevile. Daktari akaniambia nitembee, nipunguze chumvi na tumbo, na nirudi kila mwezi aangalie. Basi nikaanza. Saa 11 na nusu alfajiri nashuka kutoka kwangu Mabatini, nafuata Barabara ya Nyerere hadi mjini, nafika karibu na kivuko cha Kamanga, naangalia ziwa kidogo, nageuza. Jumamosi nampitia yule kijana anayekaa kandokando ya barabara na mizani yake, shilingi 200 kwa kila anayepanda.

Wiki ya kwanza kilo 86. Wiki ya tatu 86. Wiki ya tano kijana akainama, akasoma, akaniangalia kwa huruma: "Mama, 87."

Niliacha. Siku tisa sikutoka alfajiri. Nikajiambia mwili wa ukoo wetu ndio huu, mama alikuwa hivi, bibi alikuwa hivi, mimi ni nani.

Kilichonirudisha ni sketi. Mtoto wa mdogo wangu alikuwa na kipaimara, nikatoa kabatini sketi ya kitenge niliyojishonea zamani, ambayo zipu yake ilikuwa imegoma mwaka mzima nikawa nabana na pini. Siku ile zipu ilipanda mpaka juu, na vidole viwili vikaingia. Fundi anajua vidole viwili ni nini. Nikachukua futi. Kwenye kaunta buku langu la wateja nilikuwa nimejiandika mwenyewe mwezi mmoja kabla ya kuanza kutembea, nilipokata gauni: kiuno 41. Sasa futi ilisoma 39 na nusu. Inchi moja na nusu zimeondoka, na mizani inaniambia nimeongezeka kilo.

Mizani sikuilaumu sana baada ya kutafakari. Kazi yake ni kujumlisha, nayo inajumlisha kila kitu: maji uliyokunywa, ugali wa jana, mifupa, misuli, mafuta, hata haja ambayo hujaenda. Nusu lita ya maji ni nusu kilo hapohapo. Ukila jioni dagaa waliokolea chumvi, mwili unashika maji, asubuhi namba iko juu. Kupanda na kushuka kilo moja au mbili ndani ya siku ni jambo la kawaida kwa mtu mzima, na mwanamke akikaribia siku zake ndiyo usiseme. Halafu kuna hili ambalo muuza mitumba yeyote analielewa: kilo tano za sweta na kilo tano za jinzi si furushi la ukubwa mmoja. Mafuta ni sweta, misuli ni jinzi. Mtu anaweza kupunguza mafuta na kujenga misuli kidogo, mizani ikabaki palepale na mwili ukawa umepungua unene.

Na kwa upande wangu, upimaji wenyewe ulikuwa wa hovyo. Wiki hii mizani iko kwenye lami iliyopasuka, wiki ijayo imehamishiwa kivulini kwenye mchanga. Mara nimepanda na kandambili, mara na viatu na pochi ya mauzo imejaa sarafu. Mteja angeniletea vipimo vilivyochukuliwa namna hiyo ningekataa kukata kitambaa.

Tangu hapo nina kaunta buku la pili, la mwili wangu tu. Haya ndiyo ninayoandika humo na jinsi ninavyoyapima.

Futi

Ikague futi yenyewe kwanza. Futi ya plastiki ikitumika sana huvutika. Ile yangu ya kazini nilipoilaza juu ya rula ya chuma nilikuta imerefuka, na futi iliyorefuka inakupunguzia kiuno bure, unafurahi kwa uongo. Nunua mpya, iweke nyumbani, usipimie mtu mwingine.

Kisha mahali. Kiuno cha nguo na kiuno cha afya ni viwili tofauti. Mimi kazini napima pale mteja anapopenda kufungia sketi, akitaka juu, akitaka chini. Kwa afya, simama wima, papasa ubavuni utafute mbavu ya mwisho, halafu tafuta ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Katikati ya hizo mbili ndipo futi inapopita. Usifuate kitovu, maana kwa mwenye tumbo kitovu kinashuka pamoja na tumbo.

Pimia kwenye ngozi au juu ya fulana nyepesi, kamwe si juu ya kanga iliyofungwa. Miguu iwe karibu karibu, pumua kawaida, toa pumzi bila kusukuma, soma hapo. Usivute tumbo ndani. Wateja wangu wote wanavuta tumbo, hasa wenye harusi, halafu wanarudi siku ya pili wanasema fundi umebana. Futi iguse bila kuzama. Mimi nataka kipande cha karatasi kiweze kuteleza chini yake. Pima mara tatu, andika ile ya katikati.

Na mgongoni iwe imelala sawa. Mwezi wa tatu nilimwomba binti yangu anipime, ikatoka 36 na nusu. Nilicheka peke yangu siku nzima. Kesho yake nikasimama mbele ya kioo nikaona: alikuwa ameiacha futi ipande mgongoni karibu na mbavu, pale palipo pembamba. Kipimo halisi kilikuwa 38. Nimeikata ile namba kwa kalamu nyekundu lakini sikuifuta, inanikumbusha.

Kwa watu wa Afrika kusini mwa Sahara, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari linatumia mpaka uleule wa watu wa Ulaya: sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume, yaani inchi 31 na nusu, na inchi 37. Kiuno kikizidi hapo, hatari ya kisukari na ya magonjwa ya moyo inazidi kupanda. Njia nyingine haihitaji hata futi. Chukua uzi, ukate sawasawa na urefu wako toka unyayo hadi utosi, ukunje mara mbili, uzungushe kiunoni. Ncha zikikutana, kiuno chako hakizidi nusu ya urefu wako, na hapo ndipo panapotakiwa. Mimi nina inchi 63, kwa hiyo uzi na shirikisho vinaniambia namba moja. Bado niko mbali nayo. Hilo halinikoseshi usingizi, kwa sababu ninachofuatilia ni mwendo wa namba kutoka mwezi hadi mwezi.

Hipsi pima pale makalio yalipojaa zaidi. Paja na mkono wa juu ukipenda, ila chagua alama moja isiyohama. Mimi nina baka la chanjo mkononi, napitisha futi juu yake. Mara moja kila wiki nne inatosha, asubuhi kabla ya chai, na mwanamke achague siku ileile ya mzunguko wake. Kupima kila siku ni kujitafutia ugonjwa wa roho.

Ongeza nguo moja ya ushahidi. Isiwe dera, dera halimkatai mtu. Isiwe suruali ya kuvutika wala sketi ya mpira kiunoni. Iwe ya kitambaa kigumu, zipu au kifungo, na isifuliwe kwa maji ya moto ikaruka. Wanaume, ile suruali ya sare au ya harusi iliyoko kabatini inafaa sana.

Ngazi

Anayeishi Mwanza mlimani hahitaji jimu kujua pumzi yake. Toka barabarani hadi mlangoni kwangu kuna ngazi 143, nyingine za saruji, nyingine ni mawe tu yaliyochongwa na miguu ya watu. Zamani nilikuwa nasimama mara tatu, na nilikuwa na ujanja wangu: nasimama kwenye mlango wa mtu, nagonga simu kama naandika ujumbe, kumbe napumua.

Kipimo cha kwanza cha ngazi hakina namba. Katikati ya njia anakaa bibi mmoja wa Kisukuma, kila asubuhi yuko nje juu ya jiwe lake anaota jua. Ukipita bila salamu umemtukana. "Mwangaluka mayu," na salamu yake haiishi hapo, atakuuliza watoto, atakuuliza wa nyumbani, atakuuliza mvua imenyesha huko kwenu. Mwanzoni nilikuwa namjibu neno mojamoja, katikati nahema. Baada ya wiki kama kumi nilijikuta nimemjibu yote huku natembea, na mimi nikamuuliza yake. Siku hiyo niliandika kwenye buku: "Bibi, salamu nzima." Hata wataalamu wa mazoezi wanaitumia njia hii. Ukiweza kuzungumza sentensi lakini huwezi kuimba, uko kwenye mazoezi ya kadiri. Ukishindwa kusema zaidi ya maneno machache bila kuvuta pumzi, umeingia kwenye mazoezi mazito. Mwendo uleule unapohama kutoka kundi la pili kuja la kwanza, umepiga hatua.

Cha pili ni saa. Mara moja kila wiki mbili naanza saa ya simu kwenye ngazi ya kwanza, naizima nikigusa mlango. Sharti ni moja, hali iwe ileile: saa ileile, viatu vilevile, mikono mitupu. Ukipanda leo na mfuko wa unga na wiki ijayo mtupu, hujapima pumzi, umepima unga. Na usikimbie, mawe yetu yakiloa yanateleza. Tembea mwendo ambao hausimami. Nilianza na dakika 6 kasoro, pamoja na zile "meseji" zangu. Sasa ni dakika 3 na nusu.

Cha tatu nakithamini kuliko vyote. Ukifika juu, weka vidole viwili vya kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, usitumie dole gumba lenyewe kwa sababu lina mapigo yake. Hesabu sekunde 15, zidisha kwa nne. Simama tulivu. Dakika moja ikitimia hesabu tena sekunde 15. Tofauti ya namba hizo mbili inaonyesha moyo unavyojua kurudi nyumbani. Mara ya kwanza nilipata 148, kisha 136: umeshuka 12 tu. Mwezi wa tano nikapata 140, kisha 112. Moyo unaoshuka haraka ni moyo unaozoea kazi. Anayeona haushuki hata 12 kwa dakika nzima, na inajirudia, asikae nalo, amweleze daktari.

Na kabla hujafanya lolote kati ya haya, kama una ugonjwa wa moyo, au ukipanda kilima kifua kinabana au macho yanaingia giza, acha saa, nenda hospitali kwanza.

Asubuhi kitandani

Mapigo ya kupumzika yanahesabiwa ukiwa bado umelala, kabla ya kuinuka kwenda msalani, kabla ya kusoma ujumbe wa mtu anayekudai. Hesabu dakika nzima. Kwa mtu mzima kawaida ni 60 hadi 100, na wanaofanya mazoezi huteremka taratibu. Mimi kutoka 86 nimefika 72. Namba ya siku moja haina maana. Napima asubuhi tatu kwa wiki, nachukua ya katikati. Ukilala vibaya inapanda. Homa ikikaribia inapanda. Kwetu huku kwenye malaria nimeshaona mapigo yakipanda siku moja kabla ya baridi kunishika. Baadhi ya dawa za presha hupunguza mapigo zenyewe, kwa hiyo anayetumia dawa asijisifu kabla ya kuuliza.

Kiti na ndoo

Nguvu za miguu napima kwa kiti cha plastiki kisicho na mikono, kimeegemezwa ukutani kisiteleze. Mikono naikunja kifuani, nasimama wima kabisa, nakaa, nasimama, kwa sekunde 30, nahesabu mara ngapi nimesimama. Kipimo hiki wanakitumia sana kwa wazee, lakini fundi anayekaa kwenye cherehani saa kumi kwa siku ni mzee wa miguu hata kama ana miaka 46. Nilianza na mara 9. Leo 16.

Ndoo ni yangu mwenyewe, sikufundishwa. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20 na uzito wa ndoo, haidanganyi na kila nyumba inayo. Usiiweke kichwani, huko wengi wetu tumezoea tangu utoto. Ishike kwa mkono mmoja, mgongo wima, tembea sehemu tambarare, hesabu hatua mpaka vidole vinaanza kulegea au mwili unaanza kuinamia upande. Tua hapo. Hamia mkono wa pili. Anayeanza ajaze nusu. Kulia nilianza na hatua 22, sasa zinafika 60. Kushoto bado kunanitia aibu.

Kusukuma mwili kwa mikono nafanya nikiegemea jiwe kubwa la nyuma ya nyumba, maana chini sakafuni siwezi hata moja. Jiwe halihami, urefu wa pale ninapoweka mikono ni uleule siku zote, basi inatosha kuwa kipimo.

Kijana wangu anayecheza mpira anavicheka vipimo hivi. Yeye anatumia kile cha dakika 12, alichokitoa daktari wa jeshi la anga la Marekani, Kenneth Cooper, mwaka 1968: unakimbia dakika 12, unapima umbali. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 ukizungushwa kwa kufuata mistari ya nje ni mita 346, kwa hiyo unahesabu mizunguko unapiga hesabu. Kwa vijana ni kizuri. Mimi aniache na ndoo yangu.

Presha

Kwa kuwa ndiyo iliyonitoa nyumbani, naifuatilia, ila kwa masharti. Zahanati moja niliwahi kufika nikihema kutoka kwenye jua, wakanivalisha mkanda juu ya sweta nikiwa nimesimama nusu, wakaniambia imepanda sana. Siku hizi naomba nikae kwanza dakika tano. Mgongo umeegemea, miguu yote chini bila kupandanishwa, mkono umelala mezani usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi, sijanywa chai ya rangi wala kahawa nusu saa kabla, na siongei. Napimwa mara mbili. Mstari wanaouangalia ni 140 kwa 90. Mara ya mwisho nilisoma 136 kwa 86, na daktari amesema nisijione nimemaliza.

Usingizi na magoti ninaviandika kwa neno moja moja tu pembeni: "nzuri", "goti kulia", "sikulala".

Kipimo ambacho sikiandiki ni cha watu. Mtaani kwetu ukinenepa unaambiwa umenawiri, mume anakutunza. Ukipungua inchi tatu, jirani anakuvuta pembeni kwa sauti ya chini, "Shoga, unaumwa?" Wiki moja niliulizwa na watu wanne, mmoja wao mteja aliyekuwa anadaiwa elfu nane. Nikamwambia siumwi, na hela yangu vipi.

Mizani sijaitupa moja kwa moja. Hospitali wanaihitaji kwa vipimo vya dawa. Na mtu anayepungua kilo bila kubadilisha chakula wala mazoezi, nguo zinampwaya tu zenyewe, asishangilie. Kisukari na kifua kikuu huanza hivyohivyo. Aende akapimwe. Mimi napanda mara moja kwa mwezi, kwa kijana yuleyule, pekupeku, pochi nimemshikisha yeye.

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu ya ukurasa wa tano. Kilo 84. Kiuno 37. Mapigo 72. Kiti 16. Ndoo kulia 60, kushoto 31. Hipsi zilikuwa 47 mwezi wa kwanza, zikaja 46 mwezi wa pili, na tangu hapo hazijasogea hata robo. Nimepima mara tatu. 46, 46, 46. Nimeandika.